Meza ya Wawindaji

Jirani yangu Dorcus, anayelala ng'ambo ya pazia katika chumba chetu cha mtaa wa Karama, huku Uarabuni, anaapa kwamba kulungu alipiga chafya.

Anasema aliyasikia hayo kwa masikio yake, katika hoteli ya Garhoud anakohudumia chai ya asubuhi. Mzee mmoja wa kanzu nyeupe pe alikuwa akiwasimulia wenzake safari yake ya mwaka jana ya kuwinda kule Hungaria. Kwamba alilala kifudifudi kwenye majani yenye umande, saa tatu kamili, bila kukohoa wala kujikuna. Kulungu dume akatoka msituni, pembe zake zimetanuka kama matawi ya mti uliokauka, akasogea mpaka zikabaki hatua hamsini. Mzee akabana pumzi, akaweka kidole kwenye bunduki. Hapo mnyama akainua pua, akapiga chafya, akamtazama mzee machoni, "kama anamuuliza, wee mzee, umetoka harusini?" Kisha akageuka akaondoka. Na hakukimbia, anasema Dorcus. Alitembea tu, kwa maringo.

Dorcus ni Mganda aliyekaa miaka saba kwenye nyumba za Waarabu na Kiarabu anakielewa vizuri, lakini hakuna habari inayopita mdomoni mwake ikatoka bila kunenepa. Wasichana wote chumbani walicheka mpaka mmoja akapigapiga ukuta. Mimi sikucheka. Nilimuuliza, "Huyo mzee anaitwa nani?"

"Yasir. Wenzake walikuwa wanamwita Yasir, mkuu wa msafara."

Jovia, anayelala kitanda kilicho chini ya changu na ambaye tunafanya naye kazi, aliacha kufumua nywele zake. "Lois," akasema, "si huyo ni wa kwetu?"

Ndiye. Zile nguo alizolala nazo kwenye majani tulizifua sisi.

Londri yetu iko Al Quoz, kati ya gereji na ghala la vigae. Mwaka mzima tunafua mashuka ya hoteli, ila ikifika Julai huanza kuingia mabegi ya wawindaji. Bwana Yasir na wenzake, watu arobaini hivi, husafiri kwenda Ulaya msimu wa kulungu unapofunguliwa Septemba. Makoti yenye madoa ya rangi ya majani, suruali nzito, kofia, glavu, soksi za sufi. Nguo hizo hazichanganywi na za watu wengine. Zina meza yao karibu na dirisha, na anayesimama pale hapigi tena pasi mashuka. Kwa miaka sita alisimama Andrew. Mwezi wa sita Andrew akarudi kwao Mbarara moja kwa moja, na arbab, mwenye londri, akasema atamtaja mtu wa meza siku nguo za msimu huu zitakapokabidhiwa.

Mimi niliitaka meza ile. Nisidanganye, niliitaka sana. Nilikuwa na miaka minne kwenye mashine ya mashuka, na shuka halikuulizi kitu. Linaingia limekunjamana, linatoka limenyooka, hata ukiwa unasinzia. Nilitaka kazi inayotaka macho.

Onesmus, msimamizi wetu, Mkenya mwenzangu, alikuwa ameshaamua lake. Binamu yake Fridah alikuwa amefika kwa visa ya matembezi, na cheti chake cha sekondari kilikuwa ofisini ndani ya bahasha.

"Meza inataka mtu wa kusoma lebo na kuandika risiti, siz," aliniambia. "Wewe ni wa darasa la nane."

"Lebo nasoma kila siku, bosi."

"Unasoma picha."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao kidogo, kisha nikarudi kwenye mashuka yangu.

Lakini usiku ule Dorcus alipomaliza, nilikuwa najua jambo ambalo cheti cha Fridah hakikulijua. Usafi hata londri nyingine zinao. Sisi tunasifiwa kwa udi. Kila nguo, kabla ya kukunjwa, huingia kwenye kabati la mbao lenye chetezo chini yake, ikafukizwa. Udi wenyewe ni mchanganyiko wa mama yake arbab. Mama huyo alizaliwa Unguja, na ndiyo sababu arbab wetu, Bwana Ubeid, anazungumza Kiswahili kutushinda. Alianza biashara kwa kabati moja na udi wa mama. Mteja wa kawaida hufukizwa nguo mara moja. Mteja wa heshima, arbab huja mwenyewe, akakunja mikono ya kanzu, akamfukizia mara mbili.

Na wawindaji wote ni wateja wa heshima.

Kwetu Taita shamba limepakana na mbuga, na mimi nilichunga mbuzi tangu nikiwa mdogo mpaka nikamaliza shule. Ukiwa na mbuzi siku nzima huna kazi ila kutazama. Nilijua kumsogelea digidigi hadi nikahesabu kope zake. Unaokota vumbi, unaliachia, unaona linaelekea wapi, kisha unapita upande ambao upepo unakupiga usoni. Siku mama yangu mdogo aliponipaka mafuta yake ya mgando ya waridi, sikumkaribia hata ndege. Sasa fikiria mtu aliyefukizwa udi mara mbili, amelala mahali pamoja saa tatu.

Sikusema kitu. Mtu wa darasa la nane hawezi kumwambia arbab kwamba udi wa mama yake unafukuza wanyama kwa sababu tu jirani yake amesikia habari hotelini. Nilitaka kuona kwanza.

Kila Jumamosi Shem, dereva wetu, hupeleka mashuka kwenye kambi moja ya watalii jangwani, njia ya Al Qudra, na mimi huenda naye kuhesabu yanayorudi. Pale kuna swala wanaozurura, na birika la maji la saruji nyuma ya jiko. Jumamosi ya kwanza nilisimama kivulini nikawatazama. Mbangali anayejaza birika alipopita, swala hawakuinua vichwa. Alipokuja mgeni mmoja, harufu ya kanzu yake ikimtangulia, wakajitenga hatua kama mia, wakasimama wakipiga miguu chini. Jumamosi ya pili ikawa hivyo hivyo. Ya tatu nilimwomba Mbangali ashike mfukoni kitambaa nilichokipitisha kwenye kabati letu. Swala wale wale, waliomzoea kama ndugu, walimkimbia.

"Wewe dada," Shem aliniambia garini, "umewafanya nini wanyama wa watu?"

"Nimewauliza swali."

"Na wamejibu?"

"Mara tatu."

Jumatatu nilimngoja arbab amalize kahawa yake. Onesmus alikuwepo, na nikaona ni heri awepo. Nikasema, "Arbab, naomba Jumamosi uje na mimi jangwani asubuhi. Nina kitu cha kukuonyesha kuhusu nguo za wawindaji."

"Kitu gani hicho, mwanangu?"

"Nikikisema hutakiamini. Afadhali ukione."

Onesmus aliguna. "Arbab, msamehe, huyu..."

"Hebu mwache," arbab akasema. Kisha akaniuliza, "Saa ngapi?"

"Ukitoka tu kuswali alfajiri. Jua likipanda hawaji kunywa."

Alikuja. Niliandaa makoti mawili yanayofanana, ya Andrew ya zamani aliyoyaacha. Moja nililifua kama kawaida na kulifukiza mara mbili. La pili nililifua kwa magadi na sabuni isiyo na manukato, nikalianika juu ya paa siku mbili. Mimi na Shem tulifika kabla yao, nikasimika fito mbili, moja kila mwisho wa birika, nikavalisha kila ufito koti lake. Niliachia vumbi; upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda kwenye birika lote sawasawa. Arbab alikaa garini mbali, vioo vimefungwa, darubini mkononi. Onesmus alikaa nyuma yake na uso wa mtu aliyeletwa hospitali. Mimi na Shem tukajibana nao humo.

Swala walikuja tisa. Walikuja kwa mstari, jike mkubwa mbele. Alipofika kwenye birika upande wa koti la udi, alisimama kama aliyegonga ukuta. Akapuliza pua. Wengine wote wakasimama. Kisha akazunguka, akawapitisha mbali, wakaja kunywa mwisho ule mwingine, wamebanana tisa mahali pa watatu. Mmoja, kijana mwenye pembe fupi, akaanza kutafuna mkono wa koti lisilonukia.

Mwishowe arbab akashusha darubini.

"Pengine upande ule hawaupendi tu," akasema. "Pengine kuna nyoka."

"Tubadilishe makoti, arbab. Wakirudi tutaona."

Akafungua mlango. "Nitabadilisha mwenyewe."

Nilikuwa nimeshasema mengi, nikaona nimalizie. "Usiyaguse, arbab. Samahani. Mikono yako inanukia."

Nilimsikia Shem akivuta pumzi. Onesmus alifumba macho kabisa. Mimi nimepewa visa na mtu huyu, na hajawahi mtu kumwambia ananukia ila kwa kumsifu.

Arbab alinusa viganja vyake, kimoja, halafu cha pili. Akafunga mlango. "Nenda wewe," akasema.

Nikaenda nikabadilisha. Tulingoja karibu saa nzima, jasho linatutiririka, kikaja kikundi kingine cha swala sita. Wakafanya yale yale, safari hii upande wa pili. Walilikimbia koti la udi na kunywa penye koti la magadi.

"Miaka sita," arbab akasema polepole. "Miaka sita nimewafukizia kwa mikono yangu. Mara mbili mbili. Kwa heshima." Kisha akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha sana. "Na mama yangu, Mungu amrehemu, angecheka zaidi. Yeye alikuwa akisema watu hawa wanakwenda kuua au kuoa?"

Tulipofika Al Quoz alishuka, akasimama katikati ya kiwanda, akapiga makofi. "Mabegi yote ya wawindaji yafunguliwe upya. Udi marufuku. Lois atawaambia la kufanya. Yalla."

Zilikuwa zimebaki siku tano mabegi yachukuliwe. Mabegi thelathini na tisa yalikuwa yameshafukizwa na kufungwa.

Nitasema tulivyofanya, kwa sababu najivunia kila hatua. Kwanza niliiendesha mashine mara mbili bila nguo, maji ya moto na magadi tu, maana hata pipa la mashine lilikuwa limeshika manukato ya miaka. Kisha nguo mara mbili, maji ya uvuguvugu, sabuni ile ya watoto isiyo na harufu. Dawa ya kulainisha tuliiweka kando. Hatukukausha kwenye mashine; tulizipandisha juu ya paa, na kwa joto la Agosti koti zito lilikauka kabla hujamaliza kuning'iniza la mwisho. Niliwaomba wenzangu wasijipake mafuta ya kunukia wala losheni siku hizo tano. Jovia alilalamika mpaka akachoka. "Magoti yangu yamekuwa kama ya ngamia," alisema, "kwa ajili ya kulungu ambaye sitamwona!" Lakini hakupaka. Na kila begi, kabla halijafungwa, niliingiza kichwa changu chote ndani nikanusa. Mabegi matano niliyarudisha kwa maji. Mojawapo alikuwa amelipitisha Onesmus mwenyewe.

"Hili liko sawa, bwana," alibisha.

"Nusa hapa kwenye mfuko wa ndani."

Akanusa. Akalichukua mwenyewe kulipeleka kwenye mashine. Tangu hapo sikusikia habari ya kusoma picha.

La mwisho nililoongeza ni karatasi ndani ya kila begi. Mimi nilisema, arbab akaandika kwa Kiarabu, kwa mkono wake wa kalamu nzuri: mkifika, zitandazeni nguo nje usiku mmoja juu ya majani ya huko, na asubuhi ogeni kwa maji matupu. Aliandika thelathini na tisa, moja moja, hakutaka kupiga chapa.

Alhamisi Bwana Yasir alikuja kuchukua mabegi ya msafara. Ni mzee mrefu, mpole wa sauti, na alipoingia tu nilijua Dorcus angalau kuhusu kanzu hakuongopa. Alifungua begi lake juu ya meza ya wawindaji, akatoa koti, akalileta puani kama alivyozoea. Akasimama. Akanusa tena, akatafuta kwenye kola.

"Ubeid," akasema kwa Kiarabu, na hata mimi nilielewa, "mwaka huu umenisahau?"

Kiwanda kizima kiliacha kufanya kazi, ingawa kila mtu aliendelea kushika kitu mkononi. Arbab angeweza kusema udi umekwisha. Angeweza kusema ni sabuni mpya. Badala yake akamshika mzee mkono, akamweleza yote. Jovia, anayekijua Kiarabu kunishinda, alinitafsiria kwa mnong'ono, lakini nilikuwa nausoma uso. Alisema udi wake ndio uliomfukuzia kulungu. Alisema ni kosa lake mwenyewe, na alilifanya kwa heshima, na kwamba swala kumi na tano walimwaibisha mbele ya wafanyakazi wake.

Bwana Yasir alilitazama lile koti. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, akacheka hadi akashika ukingo wa meza. "Na mimi nimebadilisha bunduki mara mbili!" akasema. "Nimebadilisha miwani! Nani amekwambia haya?"

Arbab alielekeza kidevu kwangu.

Mzee akageuka. Akaniuliza kwa Kiingereza cha polepole, kile cha madukani, "Wewe msichana, una uhakika?"

"Nguo nina uhakika nazo, sir," nikamjibu. "Kulenga ni kwako."

Jovia alinifinya mgongoni. Lakini mzee alicheka tena, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kidogo kwangu, kama wanavyomfanyia mtu wa hadhi yao. Sijawahi kuinamishiwa kichwa na mtu yeyote katika nchi hii. Nilisimama wima, sikujua mikono niiweke wapi, nikaiacha mahali ilipokuwa, juu ya meza.

Mabegi yakapakiwa. Gari la mwisho likatoka getini. Wenzangu wakarudi kwenye mashine, na sauti ya kiwanda ikarejea kama kawaida. Tukabaki watu watatu mezani: arbab, Onesmus na mimi. Onesmus alikuwa ametoa ile bahasha ya Fridah ofisini, ameishika kwa mikono miwili, hajaifungua. Siku ya kumtaja mtu wa meza ilikuwa ndiyo hii, na sote tulijua.

Nilikuwa nimejiambia nitangoja niitwe. Mimi ni mtu wa kungoja, kazi yangu yote tangu mbuzi ni kungoja. Lakini niliona nimengoja vya kutosha.

"Arbab," nikasema, "naiomba meza hii. Sio kwa msimu huu tu. Iwe yangu, kama ilivyokuwa ya Andrew. Risiti nitajifunza, Jovia atanifundisha, na lebo nazisoma. Lakini mtu mwingine akisimama hapa, mwakani kuna begi moja litapita na harufu, na wewe utakuwa umeandika karatasi zote zile bure."

Arbab alivuta kiti, akakaa. Alichukua glavu moja iliyosahaulika na wawindaji, akaigeuza ndani nje, akainusa polepole, kidole baada ya kidole. Onesmus alimtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akaitia bahasha mfukoni.

Sikuondoa mikono yangu mezani.